Redio ya gari la Japani na masafa ya kwetu

Ndugu msikilizaji, juma hili nilikuwa nimeandaa mazungumzo ya mambo mengine kabisa. Lakini siku ya Jumanne redio ya gari langu ilimeza sidii ikakataa kuitoa, na jambo hilo dogo limenipeleka mbali hadi nikaona afadhali yale niliyoandaa yasubiri.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, la mwaka 1999, lililotumika huko kwao kabla ya kuja kwetu, kama yalivyo magari mengi tunayoyaona katika jiji hili la Dar es Salaam. Redio ni ile ile iliyokuja nalo. Ina mlango wa kaseti chini na tundu la sidii juu, na vitufe vyake vimefutika maandishi. Sidii iliyokwama ina kipindi nilichokirekodi mwaka 2005, nilipokuwa kijana katika kazi hii. Nilizungumza kwa dakika 40 na mzee mmoja aliyekuwa fundi mitambo ya utangazaji tangu enzi za mawimbi ya kati. Mzee huyo ametutoka. Mkanda wa asili ulifutwa ukarekodiwa mambo mengine, maana mikanda ilikuwa adimu na ndivyo tulivyofanya. Nakala iliyobaki ni moja, nami kwa ujinga wangu niliibandika karatasi ya gundi yenye jina la kipindi ili ipendeze. Joto la dashibodi liliikunja ile karatasi, na ndiyo iliyokwama humo ndani.

Jumatano asubuhi nikaenda Gerezani. Kijana wa kwanza niliyemkuta alichungulia tundu la sidii kwa tochi ya simu, wala hakupoteza muda. "Kaka, hii redio ni mbovu tangu ilipotoka bandarini," akaniambia. "Haishiki stesheni, kaseti siku hizi hamna, na sidii nani anasikiliza? Niachie hiyo, nikufungie skrini ya inchi tisa, ina simu, ina ramani, ina kamera ya nyuma." Nikamwambia ndani mna kitu changu. Akasema hilo si tatizo, atavunja atoe.

Nikamshukuru nikaondoka. Hatua chache mbele alikuwapo mzee mmoja ameketi juu ya kiti cha gari kilichong'olewa, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nikamwamkia, nikamweleza kisa changu, na nikarudia yale niliyoambiwa, kwamba redio yenyewe ni mbovu na haishiki stesheni.

"Marahaba. Mwanangu, nani amekwambia mbovu?" akauliza. "Inasikia vizuri sana hiyo. Inasikia Tokyo."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Na nilipokwisha kumsikiliza nilitambua kwamba mimi, mtu ninayekula kwa kazi ya redio, nilikuwa nimeishi zaidi ya miaka 20 na jambo ambalo sikuwahi kuliuliza. Kwa nini redio za magari ya Japani hazishiki stesheni zetu zote? Watu wengi wanadhani ni uchakavu, au ni hila ya watu wa bandarini. La hasha. Jibu lake ni historia, na ni historia inayotuhusu sisi watangazaji kuliko mafundi.

Tuanze kwa yule aliyeingiza redio ndani ya gari. Mwaka 1930 huko Chicago, Marekani, kampuni ndogo ya ndugu wawili, Paul na Joseph Galvin, ilikuwa karibu ifilisike. Wakishirikiana na kijana mmoja fundi aitwaye William Lear walitengeneza redio inayoweza kufungwa katika gari na kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeifikia. Haikuwa kazi nyepesi. Redio za siku hizo zilikuwa za valvu, zilihitaji umeme wenye nguvu kuliko ule wa betri ya gari, kwa hiyo betri za ziada zilifichwa chini ya sakafu. Plagi za injini nazo zilitoa cheche zilizokuwa zikinguruma ndani ya spika kila dereva alipokanyaga mafuta. Inasimuliwa kwamba Galvin alimfungia mkurugenzi wa benki redio kama hiyo akitaka mkopo, na gari la mwenye benki likashika moto. Mwezi Juni mwaka huo aliendesha gari lake hadi Atlantic City, kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio. Hakuwa na fedha ya kulipia kibanda, basi akaliegesha nje akaongeza sauti hadi watu wakamjia. Redio ile ikaitwa Motorola, na baadaye kampuni yenyewe ikachukua jina hilo.

Huko Ulaya kampuni ya Blaupunkt ya Ujerumani ilitoa ya kwake mwaka 1932, yenye uzito wa kilo 15 hivi. Hebu fikiria, karibu mfuko wa unga wa ukubwa wa kati, na hiyo ni redio tu.

Baada ya vita mambo yalikwenda mbio. Transista ilivumbuliwa mwaka 1947, na kufikia mwaka 1955 Wamarekani walikuwa na redio ya gari isiyo na valvu hata moja. Chrysler walijaribu hata kuweka kinanda cha santuri chini ya dashibodi mwaka 1956. Nani angetaka kusikiliza santuri kwenye barabara ya vumbi? Philips walileta kaseti mwaka 1963, na miaka michache baadaye ikaingia garini. Sidii ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, na mwaka 1984 Pioneer wakatoa ya kufungwa kwenye gari. Hayo nayapita haraka kwa sababu kila mmoja wetu mwenye umri wangu ameyaona kwa macho. Namkumbuka mjomba wangu, miaka ya mwanzo ya 90, akiingia nyumbani na redio ya gari kwapani kama mwanamke na mkoba wake. Redio za aina ile zilichomolewa nzima nzima kwa kishikio, kwa kuwa ukiiacha garini asubuhi unakuta kioo kimevunjwa na waya zinaning'inia. Alikuwa akiiweka mezani tunapokula, karibu na bakuli la mchuzi, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Sasa turudi Tokyo. Utangazaji wa televisheni ulianza Japani mwaka 1953, na katika kugawa masafa wakuu wa huko waliipa televisheni eneo la megahezi 90 hadi 108 kwa ajili ya chaneli zake tatu za kwanza. Chaneli ya kwanza ilishika 90 hadi 96, ya pili 96 hadi 102, ya tatu 102 hadi 108. Katika nchi nyingi za dunia eneo hilo ndilo la redio za FM. Japani FM ilipokuja kupata nguvu ilikuta nyumba imekwisha kaliwa. Ikapewa chumba cha chini, megahezi 76 hadi 90. Viwanda vya magari na vya redio vikafuata sheria ya nchi yao kama inavyostahili. Redio ya gari iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu wa Osaka au Nagoya inaishia 90, kwa sababu huko kwao juu ya 90 hapakuwa na redio ya kusikiliza, palikuwa na televisheni.

Hivyo basi, ndugu msikilizaji, redio ya gari langu si mbovu. Ni raia mtiifu wa Japani.

Nchi yetu na majirani zetu tuko katika mpango mwingine, ule wa FM ya kufikia 108. Lakini kwa miaka mingi jambo hili halikumsumbua mtu hapa. Kituo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1951, kikapita katika majina kadhaa, kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, na kwa wananchi walio wengi kilisikika kwa mawimbi ya kati na mawimbi mafupi. Na hapa kuna ajabu ndogo. Kwa mawimbi ya kati Japani na Afrika tunapanga stesheni kwa hatua moja, kilohezi 9, tofauti na Wamarekani wanaokwenda kwa 10. Kwa hiyo redio ya gari la Japani ilishika mawimbi ya kati ya kwetu bila shida yoyote, kana kwamba ilitengenezwa Pugu Road.

Halafu milango miwili ikafunguliwa karibu wakati mmoja. Mlango wa kwanza ni wa biashara. Kuanzia mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya uagizaji, wenye fedha zao wakaruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje, na kadiri miaka ilivyokwenda magari yaliyotumika yakaanza kushuka bandarini. Japani ilikuwa na sababu zake za kuyauza. Huko gari likifika umri fulani hukaguliwa kila baada ya miaka miwili kwa gharama kubwa, basi mwenye nalo huona heri aliuze likiwa bado zima. Nao kama sisi huendesha upande wa kushoto, usukani uko kulia. Gari la Yokohama linaingia Barabara ya Morogoro bila kubadilishwa kitu.

Mlango wa pili ni wa hewani. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu watu binafsi kuanzisha vituo, na mwaka 1994 Radio One ikaingia hewani. Kampala ilikuwa imetangulia mwaka 1993 kwa Sanyu na Capital. Nairobi ikapata Capital ya kwao mwaka 1996. Vituo hivi vipya vilipenda FM, kwa sababu muziki wake ni safi na mtambo wake ni mdogo.

Waliofungua mlango wa bandari hawakuzungumza na waliofungua mlango wa hewani. Sikumbuki kusikia, katika hotuba zote za miaka ile za soko huria na vyombo vya habari huru, mtu akisema kwamba magari tunayoyaruhusu hayawezi kuzisikia redio tunazoziruhusu. Mambo hayo mawili yalikuja kukutana kwenye dashibodi, yakaangaliana, yakashindwa kusikizana.

Chukua mfano wa Kampala. Sanyu iko 88.2 na Capital iko 91.3. Tofauti yake ni megahezi 3 na ushee, lakini katika gari la Japani lililotoka melini moja ilisikika na nyingine haikusikika kabisa. Dereva wa Nairobi alikuwa na balaa zaidi, kwani Capital ya kwao iko 98.4, mahali ambapo Wajapani walikuwa wameiweka chaneli ya pili ya televisheni. Hapa Dar es Salaam hadi leo hesabu ni ile ile. Clouds iko 88.5 na Wasafi iko 88.9, hizo gari la zamani la Japani linazipata lilivyo. EFM iliyo 93.7 na Times iliyo 100.5 halizipati mpaka fundi aingie kazini. Mimi sisemi kwamba kituo kinapendwa kwa sababu kiko chini ya 90. Ila siku ambapo mtu atakaa kuandika historia ya ushindani wa redio katika mji huu, na aandike pia kwamba maelfu ya madereva hawakuwa na uhuru wa kuchagua tunaoudhani. Asubuhi kwenye foleni ya Ubungo walisikiliza kile ambacho Tokyo ilikuwa imewaachia.

Mafundi ndio waliotupatanisha. Yule mzee aliniambia kwamba redio za mwanzo, zile za kuzungusha kitufe mshale ukatembea, walizifungua na kuvuta kidogo koili ya ndani kwa bisibisi ya mti, masafa yakapanda. Ilikuwa kazi ya sikio. Ukizidisha, redio inapotea yote. Zilipokuja zenye namba za kuwaka, zinazohesabu kwa chipu, mbinu hiyo ikagonga mwamba. Baadhi yake zilikuwa na kidaraja kidogo cha waya ambacho ukikihamisha redio inajiona iko nchi nyingine, lakini nyingi hazikukubali. Ndipo kikaja kijisanduku ambacho mafundi wengi hukiita ekspanda.

Nimekifungua kimoja nikakitazama. Ni kidogo kuliko paketi ya sigara, na hukaa kati ya antena na redio. Ndani yake mna fuwele inayotetema kwa kasi isiyobadilika, na kazi yake ni kutoa. Kama ni cha 12, kila stesheni inayoingia kutoka antena inapunguziwa 12 kabla haijafika kwenye redio. Iliyo 93.7 inatokea 81.7. Vipo vya 12, vya 16, vya 18, vya 20.

Sasa sikiliza ugumu wake, maana hapa ndipo watu wanapomlaumu fundi bure. FM yetu, kutoka 88 hadi 108, ina upana wa megahezi 20. Sikio la Mjapani, kutoka 76 hadi 90, lina upana wa 14. Huwezi kumimina debe la lita 20 ndani ya ndoo ya lita 14. Ukifunga kijisanduku cha 18 unapata kuanzia 94 hadi 108, na EFM inaangukia 75.7, nje ya mlango kwa kidole kimoja. Ukifunga cha 12 unapata 88 hadi 102, na vilivyo juu ya hapo umevipoteza. Tena kwa cha 12 stesheni ya 100.5 inaangukia 88.5, mahali pale pale ambapo kituo chenye nguvu cha 88.5 kinajipenyeza moja kwa moja kutoka hewani, na dereva anasikia watangazaji wawili wakizungumza kwa pamoja. Anakuja juu, anasema fundi kaharibu redio. Fundi hana kosa. Fundi mwenye akili huweka swichi ndogo chini ya usukani ili kijisanduku kizimwe na kuwashwa, na huko ndiko kwenda mbali kadiri inavyowezekana.

Nilipoyasikia hayo nilikumbuka jambo la miaka yangu ya kwanza hewani. Msikilizaji alipiga simu akasema anatupata vizuri sana kwenye 80 na kidogo, ilhali sisi tulikuwa juu ya 90. Studio nzima tulicheka, na nadhani hata mimi nilimtania hewani. Alikuwa anasema kweli tupu. Kwenye gari lake tulikuwa pale, na wala hakuna namba nyingine aliyoijua. Tulikuwa tukikariri masafa yetu kila baada ya robo saa kwa watu ambao namba ile haikuwahi kuonekana machoni mwao.

Kwa haki, Wajapani wenyewe wamebadilika. Televisheni yao ya analojia ilizimwa tarehe 24 Julai 2011, isipokuwa katika majimbo matatu yaliyopigwa na tetemeko na tsunami ya mwaka huo, yaani Iwate, Miyagi na Fukushima, ambayo yalisubiri hadi Machi 2012. Eneo likawa wazi, na kuanzia mwaka 2014 redio za mawimbi ya kati za huko zilianza kuruhusiwa kurusha pia kwa FM kati ya 90 na 95. Redio mpya za magari yao zikaongezewa upana. Kwa hiyo gari la miaka ya karibuni likishuka hapa linaweza kuipata 93.7. Ya 100.5 bado.

Nilimwuliza yule mzee kama si afadhali kuing'oa yote na kufunga skrini kama alivyoshauri kijana. Hakuipinga. Alisema ukitaka kufunga, funga kwa akili, na hapo akaanza kulalamika kama watu wa rika lake wanavyolalamika. Alisema magari ya Toyota ya huko yana tundu la redio lenye upana wa milimita 200, wakati redio nyingi za kununua zina 180, basi pembeni inabaki nafasi ya sentimita moja kila upande, na vijana wanaiziba kwa vipande vya plastiki vilivyokatwa kwa kisu. Alisema wanachanganya waya wa njano na mwekundu. Ule wa njano kwenye redio za kununua ni wa umeme wa kudumu unaotunza kumbukumbu, mwekundu ni wa switi ya gari. Ukivibadilisha, kila ukizima gari redio inasahau stesheni zote, na mteja anaambiwa redio ni feki. Kisha akagusa waya wa bluu, nao naona ni muhimu kuliko yote kwa kazi yangu. Magari mengi ya Japani yana antena ndani ya kioo, na antena hiyo ina kikuza mawimbi kinachohitaji umeme. Kijana akifunga skrini akauacha waya wa bluu ukining'inia, kikuza mawimbi kinakufa, na skrini ya fedha nyingi inasikia vibaya kuliko redio kuukuu iliyotupwa.

Na hata skrini hizo zinakuja na uraia wao. Ndani ya mipangilio kuna mahali pa kuchagua eneo. Ikiwa imeachwa Marekani, inaruka kwa hatua za huko, 98.3 kisha 98.5, maana Wamarekani hupanga stesheni kwa tarakimu za witiri tu. Ya 98.4 inabaki katikati na kukoroma. Nimeona watu wakiuza gari kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Badilisha iwe Ulaya, mambo yamekwisha.

Sidii yangu aliitoa mchana ule ule. Alifungua kifuniko cha redio, skrubu nne, akazungusha gia ya plastiki kwa kidole taratibu hadi ikajongea. Nilinyosha mkono niibandue ile karatasi, naye akanishika kifundo. "Usibandue! Muziki uko upande huo." Sikujua. Nilikuwa nikiamini maandishi ya sidii yako upande unaong'aa, kumbe tabaka lenye sauti liko juu, chini tu ya rangi na karatasi, na ukivuta gundi iliyokauka unaling'oa nalo. Alichukua wembe akakata kingo zilizoinuka peke yake, akaiacha iliyobaki ilivyo. Halafu akasafisha lenzi kwa pamba na spiriti, akafuta raba za kuvutia ambazo vumbi lilikuwa limezifanya ngumu kama kwato, akanionya kwamba redio ya mwaka 1999 haipendi sidii za kuchomwa kwenye kompyuta kwa sababu hazirudishi mwanga sawa na zile za kiwandani. Alinifungia na kijisanduku cha 12 chenye swichi. Alinitoza fedha ambazo kwa kweli niliona haya kuzilipa, nikaongeza.

Nilimwomba aje studio tuzungumze. Alikataa. Alisema atakuja nani kumfungulia kibanda?

Jioni niliinakili sidii kwenye kompyuta ya ofisi. Ilisomeka polepole, ikisita hapa na pale, lakini ilisomeka hadi mwisho. Nilikaa kuisikiliza yote. Katika dakika ya 31 yule marehemu fundi mitambo anasema kwamba magari ya Japani yalipoanza kuwa mengi mafundi wa mjini walikuwa wakimfuata kazini jioni kumwuliza habari za masafa, na kwamba kuna mmoja wao aliyempa wazo ambalo yeye mwenyewe, na elimu yake yote, hakuwa amelifikiria. Anaanza kulieleza. Mimi namkatiza, kwa kuwa muda wa matangazo ya biashara umefika. Tunaporudi hewani ninamwuliza ana watoto wangapi.